Kilo za Gesi Alizozipima Eufrazia

Baba Paroko, wazee wetu shikamooni, ndugu, majirani na marafiki, anayesimama mbele yenu ni Tomasi Mkude, mdogo wake marehemu, tumbo moja, na ukoo umempa karatasi hii kwa kuwa ana sauti, si kwa kuwa anastahili.

Marehemu Eufrazia Mkude alizaliwa Matombo tarehe 14 Machi 1984, akasoma shule ya msingi hukohuko kuanzia 1992 hadi 1998, kisha sekondari Morogoro mjini, na mwaka 2006 akahitimu ufundi wa majokofu na viyoyozi Dar es Salaam, mwanamke pekee darasa zima. Alirudi akafungua karakana, akamfundisha Tomasi kazi tangu kushika spana, hadi naye akafungua karakana yake. Tarehe 9 Oktoba 2010 alifunga ndoa na Bwana Rogers, wakajaliwa binti mmoja, Joyce, mwaka 2012.

Mwaka 2021 aliajiriwa na mradi wa watafiti waliotaka kujua gesi ya majokofu inayopotelea hewani mjini kwetu ni kiasi gani, kwa kuwa gesi hiyo huzidisha joto la dunia. Mafundi walipoulizwa walijibu kistaarabu, kama anavyojibiwa mgeni, kwamba gesi ya zamani huikusanya kwenye mitungi, kama walivyofundishwa semina. Thubutu! Eufrazia, fundi mwenyewe, alijua inafunguliwa hewani na jokofu linajazwa mpya, basi akabeba mizani, kila Jumatatu na kila Jumamosi akapima mitungi ya gesi mpya ya karakana kumi na moja, ya Tomasi ikiwemo, aone imepungua kiasi gani, mwaka mzima, akapata kilo mia sita na kumi na mbili zilizopotelea hewani.

Tarehe 22 Machi 2022 mafundi waliitwa kikaoni kuthibitisha hesabu hiyo, uvumi ulikuwa umeenea kwamba karakana zitafungwa, na wa kwanza kusimama na kusema huyu mama hakupima chochote, katunga nyumbani kwake, alikuwa Tomasi. Wengine kumi wakafuata. Mkataba wa Eufrazia ukavunjwa, ripoti ikatoka na kilo tisini, mjini akaitwa mzushi na mpelelezi, wateja wakamkimbia, akawa anadamkia Mikese kutengeneza majokofu ya soda ya barabarani. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini hii imekwenda miaka mitatu, na waongo wamenenepa.

Januari 2025 figo zilianza kumsumbua, akalazwa mara nne. Tomasi alimpelekea uji kila asubuhi, na dada aliomba jambo moja tu, Tomasi aende ofisi ya mradi akaseme kweli, akajibiwa kesho, dada, kesho. Alifariki dunia tarehe 3 Agosti 2025, saa kumi alasiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kukesha nasi, na wanajumuiya kwa sala zao. Mstari unaofuata unawashukuru mafundi wenzake, nao wote kumi wako hapa, mabegani mwao limepita jeneza, lakini Tomasi anauruka mstari huo. Mitungi ilipimwa. Karakana ya Tomasi peke yake ilifungulia hewani kilo sabini na tatu, na kila Jumamosi yeye mwenyewe ndiye aliyempandishia mtungi kwenye mizani.

Joyce, mama yako hakuwa mzushi, mzushi ni mjomba wako.

Dada, pumzika.