Wasifu wa Method Lwegarulila, Mtunza Vifaa Aliyemchagua Kocha

Ndugu waombolezaji, Rosemary, mke wa marehemu, amenipa kazi ya kuandika wasifu huu na akaniomba nisigombane na mtu. Nimeuandika mara tatu. Mara mbili za kwanza niligombana. Huu wa tatu ndio mlio nao mikononi, na anayewasomea ni mimi Flaviana, mdogo wake marehemu, muuguzi hapa Wheaton. Nikipandisha sauti mnisamehe. Nilimpenda kaka yangu na alinichosha sana, na sijui kuyatenganisha hayo mawili.

Method Lwegarulila alizaliwa Ijumaa tarehe 14 Mei 1943 huko Kamachumu, wilaya ya Bukoba kama ilivyokuwa wakati huo. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watoto saba wa Christopher Lwegarulila, katekista na mkulima wa kahawa, na mama yetu Anastela Kokwijuka. Mama alikuwa akisema kwamba ukimtuma Method chumvi dukani, anarudi na chumvi pamoja na habari zote za mwenye duka, na chumvi yenyewe imechelewa.

Alisoma shule ya misheni ya Rutabo kuanzia mwaka 1951 hadi 1958 alipomaliza darasa la nane. Baadaye alijiunga na chuo cha ualimu Mwanza, akahitimu Desemba 1961, mwezi uleule wa uhuru. Kwa miaka kumi na tisa alifundisha hesabu na michezo katika shule za msingi za Mwanza. Wanafunzi wake walimpenda. Wakuu wa shule walimvumilia, kwa kuwa alikuwa na maswali mengi kwenye vikao.

Tarehe 28 Desemba 1968 alifunga ndoa na Rosemary Kokushubila katika kanisa la Rutabo. Wakajaliwa watoto wawili, Cosmas mwaka 1970 na Violet mwaka 1978.

Hapa sina budi kueleza jambo la kwetu, maana bila hilo hamtaelewa yaliyofuata. Kwetu mchumba akileta posa, familia haijibu kabla ya kumtuma mtu akamchunguze kimyakimya. Mchunguzi haulizi wakubwa. Anauliza wanaochota maji, wanaofua, wanaopika, maana hao ndio wanaomjua mtu akiwa amekasirika. Mwaka 1971 kijana mmoja wa Muleba alileta posa kwangu. Kijana mtanashati, ana baiskeli mpya. Akatumwa Method. Alikaa kijijini kwao siku nne akijifanya anatafuta miche ya kahawa, akarudi na neno moja: "Hapana. Anamfokea mama yake." Nililia wiki nzima. Baadaye nikaolewa na Isack, ambaye Method alimchunguza siku sita, na ambaye amekaa pale mbele akitazama chini. Isack hajawahi kumfokea mtu. Wakati mwingine natamani angefoka.

Marehemu alikuja Marekani mwaka 1981 kama dereva wa ofisa mmoja wa ubalozi, na familia ikamfuata mwaka uliofuata. Ofisa aliporudi nyumbani, Method alipata kazi Agosti 1983 katika Chuo cha Ashgrove, karibu na Landover, kama mtunza vifaa wa timu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kukimbia na kugongana. Kazi yake ilikuwa kufua jezi, kukaza helmeti na kushona kilichochanika. Miaka kumi na mitano hakukosa mchezo hata mmoja. Timu yenyewe ilikuwa ikifungwa. Tulipokuwa tukimwalika ubatizo au kipaimara siku ya Jumamosi alikuwa akisema ana mchezo, na jioni tukimuuliza matokeo anauliza kama chakula kimebaki.

Mpaka Novemba 1998 timu hiyo ilikuwa imefungwa michezo ishirini na mmoja mfululizo. Kocha akafukuzwa. Mkuu wa chuo akatangaza kwamba kocha mkuu mpya akishindwa kuinyanyua timu kwa miaka miwili, itavunjwa, na vijana sitini na wawili waliokuwa wakisomeshwa kwa ajili ya mpira watajitegemea wenyewe au waende makwao. Ikaundwa kamati ya watu saba ya kumtafuta kocha. Nafasi moja ilikuwa ya mfanyakazi wa kawaida. Wafanyakazi wakampa Method. Alifurahi kuliko siku aliyopata mtoto, na Rosemary ananikubalia kwa kichwa.

Sasa nataka mshike tarehe. Marehemu alikuwa ameanza kuumwa tumbo tangu Juni. Nilimwambia aende hospitali, akasema ni maharage. Nilimwambia tena Agosti, akasema mazoezi yameanza. Tarehe 8 Desemba madaktari walikuta uvimbe kwenye utumbo mpana, wakapanga upasuaji Jumanne tarehe 12 Januari 1999. Kamati nayo, katika siku zote alizoziumba Mungu, ikapanga kikao cha kupiga kura Jumanne tarehe 12 Januari.

Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi aliyoijua. Waombaji wawili ndio waliobaki. Wa kwanza alikuwa bwana mmoja wa Herndon, aliyekuja na projekta na michoro ya rangi, na kamati ikampenda. Wa pili alikuwa Raymond Tolliver, kocha msaidizi na mwalimu wa historia katika shule moja ya sekondari hapa Wheaton, aliyekuja na daftari. Method akamwomba jirani yake Kimutai, anayefanya kazi kwenye ghala Landover, amwendeshe mpaka kusini mwa Virginia, kwenye chuo ambako yule bwana wa Herndon alikuwa akifundisha zamani.

"Mzee, hii ni job interview, si posa," Kimutai alimwambia. "Tukishikwa tutasema tumekuja kufanya nini?"

"Tutasema tumekuja kusalimia."

Wakasalimia. Walikaa nusu siku katika chumba cha kufulia na mlango wa nyuma wa jikoni. Wafuaji wakawasimulia kwamba Agosti moja mchezaji alianguka kwa joto uwanjani, na yule kocha akaamuru basi liondoke, akisema mvivu ataamka mwenyewe. Wafuaji ndio waliombeba na kumwagia maji. Kisha Method akaja hapa Wheaton, akakaa kwa kinyozi wa Tolliver, akaongea na wahudumu wa usafi wa shule yake. Wakamwambia Tolliver huwa anabaki baada ya mazoezi kukusanya chupa pamoja nao, na anajua majina ya watoto wao.

Ikafika Januari. Tukamketisha sebuleni kwake, mimi, Rosemary na watoto. Violet alizungumza Kiingereza, kama kawaida yake anapokasirika: "Baba, cancel the meeting, not the surgery." Method akajibu kwamba upasuaji unaweza kusubiri na kura haisubiri. Nikamwambia mimi ni muuguzi, ninajua kipi kinasubiri. Akaniambia, "Flaviana, nikikosa mimi, wanampa yule wa Herndon, na ataua mtoto wa mtu." Akaahirisha.

Na alipokwenda akafanya nini? Ndugu zangu, naomba mnivumilie hapa, maana hapa ndipo wasifu wa kwanza na wa pili ulipoharibikia. Kwetu mjumbe mwenye heshima akiulizwa kauli yake mara ya kwanza husema hana neno. Wenyeji humsihi. Akiulizwa mara ya pili anakohoa. Mara ya tatu ndipo anasema, na hapo kila mtu ananyamaza kumsikiliza. Mwenyekiti, Dokta Whitcomb, alimgeukia Method akamuuliza kama ana la kusema. Kaka yangu, aliyeacha kitanda cha hospitali, aliyesafiri mpaka kusini mwa Virginia, akasema, "Sina neno." Mwenyekiti akamshukuru akaenda kwa anayefuata. Method akabaki anasubiri kusihiwa. Kura zikapigwa, watatu kwa wa Herndon na watatu kwa Tolliver, naye hajanyoosha mkono, kwa sababu kwake uamuzi hauwezi kutangulia maneno. Wakaandika kwamba mjumbe mmoja hakuwa na maoni. Miaka kumi na minane Marekani! Alikuwa amekwisha kujifunza kuendesha gari kwenye theluji na kujaza fomu za kodi, lakini hakujifunza kwamba watu hawa huuliza mara moja tu.

Kwa kuwa kura zililingana, kikao kikaahirishwa mpaka tarehe 4 Februari. Hospitali ikampa tarehe 9 Februari, nikamshukuru Mungu. Kisha mwenyekiti akapata safari, na kikao kikasogezwa mpaka tarehe 9 Februari. Nilipiga simu chuoni mimi mwenyewe. Katibu akaniambia kwa upole kwamba kalenda imejaa. Nikamwambia na kaburi hujaa. Rosemary aliniambia nisiiandike hiyo, lakini nilisema, kwa hiyo imo.

Tarehe 9 Februari alikwenda kwenye kikao akiwa ameshika tumbo, Kimutai akimsubiri nje. Safari hii aliulizwa mara moja akasimama mara moja. Katibu aliyeandika kumbukumbu za kikao amenipa maneno yake, nayo ni haya: "Nimefua jezi zenu miaka kumi na mitano. Kocha akiwa mbaya, mimi naona kwenye nguo kabla ninyi hamjaona kwenye matokeo. Naona damu ambayo hakuna aliyeisema. Naona matapishi ya mtu aliyeambiwa aendelee. Huyu wa Herndon aliondoa basi akamwacha mtoto chini. Tolliver hajashinda sana, lakini hajaacha mtu." Kisha akawatajia majina ya wale wafuaji na namba zao za simu, wapige wenyewe. Wakapiga palepale. Kura zikawa tano kwa mbili.

Upasuaji ulifanyika tarehe 23 Februari. Walipofungua wakakuta ugonjwa umefika kwenye ini. Nilimuuliza daktari, kama muuguzi kwa daktari, kama zile wiki sita ndizo zilizotuponza. Akasema hawezi kusema. Nikamuuliza tena, akasema tena hawezi kusema. Mimi nimeishi na jibu hilo tangu siku hiyo, na sitawaficha, nimemkasirikia Method usingizini na kanisani.

Mwezi Machi kocha Tolliver alikuja wodini kumwona. Method alimkalisha saa nzima akimweleza vijana mmoja mmoja: nani ana pumu na anaificha, nani hali chakula cha asubuhi, nani amefiwa na baba na hapendi kuguswa begani. Tolliver aliandika yote kwenye daftari. Alipotoka nilimfuata mpaka kwenye lifti nikamuuliza kama anajua ametugharimu nini. Hakujua. Nikamweleza kila kitu, Januari na Februari, sikumwonea huruma. Uso wake ulibadilika kabisa. Akasema, "Hakuniambia. Angeniambia, ningejitoa kwenye maombi siku hiyohiyo, aende akatibiwe."

Nilirudi chumbani nikamtupia Method maneno hayo, nikitaka yamuume. Akacheka mpaka akashika mshono. "Umemchunguza mwenyewe," akasema. "Haya, niambie, yule wa Herndon angejibu hivyo?" Nikamrekebishia mto, nikamwambia aache kucheka mshono usifumuke.

Marehemu alifariki Alhamisi tarehe 15 Aprili 1999, saa nne asubuhi, Rosemary akiwa amemshika mkono na Violet akimwombea kwa Kiswahili kilichonyooka, ambacho hatukujua anacho.

Ameacha mjane, Rosemary. Watoto wawili, Cosmas na Violet. Ndugu watano tulio hai, wanne wako Kamachumu na mmoja ni mimi. Shemeji yake Isack na rafiki yake Kimutai. Na vijana sitini na wawili waliosimama kule nyuma kwa kuwa viti vimekwisha. Yupo pia Bwana Tolliver, ambaye ni mmoja wa waliobeba jeneza. Huyu bado hajashinda mchezo hata mmoja, maana hajacheza hata mmoja, na huenda akafungwa yote. Mimi mpira wao siuelewi. Ila nimemtazama kwa wiki tano, naye kila siku alikuja hospitali, na naomba iandikwe kwamba kaka yangu hakukosea. Ningependa angekosea, ningejua namna ya kukasirika vizuri.

Method, kaka yangu, umeambiwa mara moja na hakuna atakayekusihi. Pumzika kwa amani, na hii usiiahirishe.