Bwana Mita na Kikosi cha Kuokoa Wanyama

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kumsindikiza, familia imenituma mimi, mdogo wake wa kike, niwasomee maisha ya kaka yetu, na kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda mtu apambwe akishakufa, tutamweleza kama alivyokuwa, ubishi wake ukiwemo.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bwana Mita, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa baba fundi seremala na mama fundi cherehani, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, kisha sekondari hadi 1975, ambako hesabu aliziweza vizuri, ila kunyamaza darasani kulimshinda kabisa.

Tarehe 2 Februari 1978 aliajiriwa na idara ya maji kuwa msoma mita, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2017, na katika kuingia nyua za watu aliumwa na mbwa mara kumi na moja, ndipo akaanza kuandika kwenye daftari nyumba ipi ina mbwa gani, anafungwa wapi na ana tabia gani. Kuhusu nyumba moja aliandika kwamba mbwa ni mkali na mwenye mbwa ni mkali zaidi, na huyo mwenye mbwa ndiye wifi yangu huyu hapa, ambaye alifunga naye ndoa tarehe 9 Agosti 1986 wakajaliwa watoto watatu, binti mwaka 1988 na wavulana wawili, mwaka 1991 na 1995.

Asubuhi ya tarehe 22 Aprili 1998 mto ulivunja kingo, watu wakahamishwa kwa mashua, lakini mkunga mmoja mstaafu alikataa mara tatu kupanda bila mbuzi wake wawili, na waokoaji wakamwambia mashua ni ya watu. Kaka, aliyewajua mbuzi hao kwa sababu waliwahi kumlia kurasa za daftari, alipita kwenye maji ya kifuani akawapakia mbuzi kwanza bila kuomba ruhusa ya mtu, na yule mama akapanda mwenyewe nyuma yao. Siku hiyo alielewa kwamba wengi hawatoki majumbani kwa sababu ya wanyama wao, na tarehe 6 Juni mwaka huohuo akawakusanya watu kumi na wawili katika karakana ya baba, wakiwemo msusi, daktari wa mifugo na muuza nyama mmoja aliyetaniwa sana kwa kujitolea kuokoa mbuzi, wakaunda kikosi cha kuokoa wanyama na kukubaliana kwamba kila mtaa uwe na watu wawili wanaojua nani anafuga nini na ufunguo wa ziada uko wapi.

Makosa yalikuwepo, kwa mfano orodha ya kwanza, iliyotoka kwenye daftari lake, haikuwa na paka hata mmoja, maana paka hawakuwahi kumuuma msoma mita, hivyo mafuriko ya mwaka 2003 yaliwaacha juu ya mabati siku mbili, naye akapita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Baada ya hapo kikosi kilienea mitaa tisa, lakini kaka hakumwamini mtu, kila uamuzi ulipita kwake kwa simu, na wifi alizoea kusema ameolewa na mume wa mbuzi wote wa mji.

Mwezi Juni 2019 alianza kuugua figo, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na mwaka 2023 daktari alimkataza kabisa kuingia majini. Kifo hakikumtisha kaka, kilichomnyima raha ni hofu kwamba kikosi kitakufa naye, na alituambia hivyo waziwazi, zaidi ya mara moja, akilia.

Tarehe 11 Mei 2024, saa nne asubuhi, mto ulifurika tena yeye akiwa kitandani hospitalini, akashika simu mkononi akisubiri kuulizwa, saa zikapita kimya, akamtuma wifi nje akaangalie kama mtandao upo, kisha akamwomba muuguzi ampigie ili ahakikishe inalia, nayo ikalia vizuri tu. Saa kumi jioni binti yake, ambaye naye ni mwanakikosi, aliingia na matope hadi magotini, akamweleza kwamba mitaa yote tisa imehamishwa, watu na wanyama, hakuna aliyeachwa, na kaka akamuuliza kwa hasira kwa nini hawakumpigia.

"Hatukuwa na swali, baba."

Kaka alicheka mpaka akakohoa, akasema, "Basi izime hiyo simu, nilale."

Alifariki tarehe 15 Mei 2024, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka 67, akiwa ameridhika, na hilo tunalisema bila kusitasita.

Familia inawashukuru madaktari, na wauguzi wa wodi ya figo waliomvumilia, majirani walioleta maji, viti na mikono yao, wafanyakazi wenzake wa idara ya maji, pamoja na wanakikosi wa mitaa tisa, ambao baadhi yao wako zamu hivi sasa na hawakuweza kufika.

Pumzika, kaka yetu, simu tumeizima.