Moshi wa Jikoni kwa Ciothirangi

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja mrefu juu ya matofali, mbele ya duka la gesi la Mwenda pale Ruiri, na waliolikalia hawakuwa na shughuli ya maana kuanzia saa tisa alasiri. Kulikuwa na Nthiga, mwalimu mstaafu, aliyeitwa Kamusi kwa sababu hajawahi kukiri kwamba kuna jambo asilolijua. Kulikuwa na Njagi, mdungaji ng'ombe, ambaye jina la Sindano lilimfaa hata kwa ulimi wake. Kulikuwa na Mutegi, mzee wa kanisa, ambaye wenzake walimpandisha cheo wakamwita Askofu bila kumuuliza mchungaji. Na Mwenda mwenyewe, Gesi, alikaa ncha ya ubao, ameupa mgongo mteremko wa ng'ambo ya barabara. Tangu Machi, walipomzika mama yake, hakuwa amekaa akitazama upande ule. Upepo wa Agosti ulipuliza vumbi kwenye vikombe, na kahawa ilimiminwa na Wambeti, mama wa kutoka Embu aliyefika wiki hiyo na chupa zake mbili.

Siku hiyo Kamusi alikuja na kitabu. Kananu, msichana wa pale pale aliyekwenda kufanya kazi Nairobi, alikuwa ameandika riwaya ya kutisha kuhusu boma la mashambani lenye mzimu.

Kamusi: Sikilizeni hapa. “Kila alfajiri moshi ulitoka jikoni kwa mama aliyekufa, na waliokwenda kuchungulia hawakurudi.” Huyo mtoto nilimfundisha insha mimi.

Sindano: Soma ile ya mlango.

Kamusi: “Mlango wa bluu, tangi la maji lililopasuka ubavuni, miti miwili ya mukima langoni.”

Askofu: Aiya! Si hapo ni kwa...

Akakatiza. Wote walimtazama Gesi, kisha kila mtu akapata kitu cha kutafuta ndani ya kikombe chake.

Gesi: Endeleeni tu. Ni kitabu.

Na wao, kwa kukosa haya, wakaendelea.

Sindano: Mimi hiyo moshi nimeiona na macho yangu. Jumanne, nikienda kudunga ng'ombe ya Mama Ntinyari. Ilikuwa imesimama wima kama mti.

Kamusi: Wima na hii upepo? Wewe ulikuwa umekunywa.

Sindano: Chai, mwalimu. Nilikuwa nimekunywa chai.

Askofu: Hiyo ni mapepo. Nyumba ikiwachwa bila maombi, lazima iingiliwe.

Kamusi: Mapepo hayapiki, Askofu. Hii ni sayansi. Jiko likiwashwa miaka hamsini, joto inaingia ndani ya yale mawe matatu. Inatoka pole pole.

Sindano: Miezi tano bado inatoka?

Kamusi: Hata miaka tano.

Askofu: Mimi nilisikia ni yeye mwenyewe. Anapikia wale hawakuja kumwona.

Sindano: Na ukifika anakupakulia. Ukionja tu, umebaki huko. Ndio maana hao wa kitabu hawarudi.

Kamusi: Basi wewe ndio utabaki wa kwanza, vile unapenda githeri.

Wakacheka. Gesi hakucheka. Alikuwa anageuza kikombe mkononi na kahawa ilikuwa imepoa. Alikuwa na hamu ya jambo moja tu duniani, nalo ni mtu amwambie kwamba haikuwa kosa lake. Miezi mitano alikuwa akiwanunulia hawa watu kahawa akingoja mmoja wao alitamke.

Maana kwenye mteremko ule, majirani hawaulizani kama wameamka. Mtu anatoka nje alfajiri, anapiga jicho ng'ambo, anaona moshi kwa fulani, anaona moshi kwa fulani, anaingia kukama ng'ombe wake. Kwa Ciothirangi, mama yake Mwenda, moshi ulitangulia wote. Lakini kifua chake kilikuwa kibovu, anakohoa mpaka anashika ukuta, na daktari akasema ni ule moshi. Januari Mwenda akambebea mtungi wa gesi na meko mapya. Siku za kwanza majirani walikuja mbio: kuna nini, mbona hatuoni moshi? Mama akawaonyesha moto wa bluu, akawapikia chai, wakasifu. Kufika Februari walikuwa wamezoea. Machi mama alianguka kati ya kitanda na mlango, na zikapita siku nne kabla hajapatikana. Simu yake ilikuwa imezima. Mwenda alidhani ni umeme umepotea, akasema atapanda kesho, na kesho akasema hivyo hivyo.

Gesi: Hakuna moshi hapo.

Sindano: Nakwambia niliiona!

Gesi: Hukuona. Mimi ndio niliuzima. Angekuwa bado anapikia kuni, ile asubuhi ya kwanza mngesema, leo kwa Ciothirangi hakuna moto. Mngeenda. Mimi nilimletea gesi, mkaacha kuangalia.

Kamusi alifunga kitabu pole pole, akakiweka chini ya paja kama mwanafunzi aliyefumaniwa.

Askofu: Wacha kujilaumu, Mwenda. Ulikuwa unamponya kifua.

Sindano: Kweli. Hata sisi hatungejua. Nani angejua?

Kamusi: Hakuna mtu angejua. Hiyo si kosa ya mtu yeyote.

Basi, neno lile lilikuwa limetamkwa. Mwenda alihisi shingo yake ikilegea kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na machozi yakamlenga, akayaacha. Aliwapenda wote watatu wakati ule, hata Sindano na uongo wake. Askofu alimshika bega.

Wambeti alikuwa ameinama juu ya chupa yake ya pili, anaiinamisha apate tone la mwisho. Wiki nzima hakuwa amechangia neno.

Wambeti: Pole sana, ndugu yangu. Pole, wazee. Na mimi ni mgeni, mnisamehe nikiuliza. Kwani hiyo nyumba iko mbali na hapa?

Sindano alianza kuinua kidevu aonyeshe, kisha akakishusha. Askofu aliondoa mkono begani mwa Mwenda. Kamusi, ambaye hajawahi kukosa jibu, alitazama viatu vyake. Mama wa Embu aliwangojea kwa adabu, chupa tupu mkononi.

Mwenda aligeuka. Ng'ambo ya barabara, umbali ambao mtu akiita anasikika, palikuwa na miti miwili ya mukima, tangi lililopasuka, na mlango wa bluu ambao jua la jioni lilikuwa limeufikia. Juu ya paa la jiko hapakuwa na moshi wowote.