Nywele za Mkia

Basi la kutoka Mlandizi lilipopita Visiga, Mwalimu Cornel aliacha kusahihisha madaftari ya kisomo cha watu wazima, kwa kuwa mazungumzo ya kiti cha mbele hayakumpa nafasi. Mama mmoja wa Janga, aliyefungwa kipande cha kaniki mguuni, alimsimulia jirani yake jinsi mbwa alivyomuuma juzi, alipokwenda msibani Kongowe.

“Umeuosha mguu, dada?” aliuliza jirani, ambaye kumbe alikuwa dresa, mfunga vidonda wa zahanati.

“Niuoshe, maji yaamshe sumu? Thubutu! Naenda kwa mwenye mbwa anipe nywele, nizichome, nipake majivu.”

“Mbwa mwenyewe mzima?”

“Nimeletewa salamu kwamba alikufa jana, anatokwa mapovu. Lakini mwenye mbwa muungwana, amenikatia nywele za mkia kabla ya kumzika.” Alisema hayo kama mtu mwenye bahati.

Dresa aliutazama ule mguu. “Hicho ni kichaa cha mbwa, dada yangu. Usishuke Kongowe. Twende hospitali uoshwe kwa sabuni, uchomwe sindano. Ukishaanza kuugua, hakuna dawa.”

“Nyie na sindano zenu! Hata mafua sindano.”

Mwalimu aliinamia madaftari yake. Somo la vidonda alikuwa amelipanga muhula ujao, baada ya lile la korosho, maana kila jambo lina zamu yake.

Basi liliposimama Kongowe, dresa alitoa kipande cha sabuni kikapuni akamshikisha.

“Ahsante, kaka,” alisema mama akishuka. “Nitafulia hii kaniki.”