Mama Panya na Mshipa wa Upande wa Pili

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara yetu, mkuu wa chumba cha wanyama anastaafu. Jina lake kamili limo katika faili la utumishi. Sisi tunamwita Mama Panya, na ukimwita vingine haitiki.

Kazi yake ilikuwa kupima wingi wa damu ya panya akiwa hai. Unachoma rangi ya buluu kwenye mshipa wa mkia, unaiacha ichanganyike, kisha unatoa damu kidogo na kuangalia rangi imefifia kiasi gani. Ikififia sana, damu ni nyingi. Kwanza mkia hupashwa kwa maji ya uvuguvugu ili mshipa ujitokeze, na maji hayo Mama Panya huyajaribu kwa kiwiko kama anayemwogesha mtoto. Mumewe hulalamika kwamba yeye hajawahi kuandaliwa maji namna hiyo.

Ubishi wake tuliujua mwaka ule wa dawa ya kina mama wanaotokwa na damu nyingi wakijifungua. Vipimo vyake vilionyesha kwamba panya waliopewa dawa waliongezeka damu. Tulipiga makofi, mkurugenzi wa wakati huo akaagiza keki. Keki haijaisha, Mama Panya akagundua kosa lake mwenyewe. Kabla ya dawa, alitoa damu kwenye mshipa uleule aliochomea rangi. Masalia ya rangi yaliikoleza sampuli, damu ikaonekana kidogo kuliko ilivyokuwa. Baada ya dawa alitumia mshipa wa upande wa pili. Ongezeko lote lilikuwa hewa tupu.

Mkurugenzi alimsihi anyamaze kwanza, hadi wafadhili waliokuja kuona matokeo waondoke. Akakataa katakata. Bintiye alikuwa mjamzito, naye akasema dawa asiyoweza kumpa mwanawe hatampa mtoto wa mwenzake. Alirudia kazi yote, panya mmoja baada ya mwingine, huku baadhi yetu tukimnunia. Jibu likatoka: dawa haiongezi kitu. Mradi ukafa. Tangu hapo kila mgeni wa sindano humu hufundishwa naye: rangi kushoto, damu kulia.

Mama Panya, asante kwa ukaidi wako. Binti yako alipojifungua alitokwa na damu nyingi, wauguzi wakamwongezea damu halisi, akapona. Dawa yetu, ambayo huenda wangeitegemea badala ya damu, haikuwa kabatini mwao kwa sababu wewe uliizuia. Nenda kapumzike. Tunakuombea afya na miaka mingi ya raha, wewe na mjukuu wako, ambaye leo anaye mama wa kumwita.