Misa ya Marehemu

Basi letu lilipotoka soko la Likasi kuelekea Kakontwe, mama mmoja aliyevaa kikwembe, kitenge cha parokia, alimwambia jirani yake wa kiti, kwa furaha kama anayekwenda harusini, kwamba leo kuna misa ya marehemu mume wake.

Jirani, dada muuza vitunguu aliyepakata Biblia, akatikisa kichwa. "Mama, misa ya nini? Muntu akikufa, inaisha. Ni mbinguni ao moto. Alikuwa anasali?"

"Paka Noeli na Pasaka tu," mama akajibu akicheka. "Lakini siku shimo ya bachimbaji ilianguka, alirudia mule, akatosha bantu inje. Bote beko bazima. Yeye njo alibakia mule."

 Mimi nilijifanya natazama nje.

"Pole, mama," dada akasema kwa upole. "Lakini matendo haiokoe muntu. Ni imani."

"Na weye unawaza alirudia mule na nini?"

Abiria wakaangua kicheko, na dada mwenyewe akacheka mpaka akafuta machozi. "Lakini moto iko, mama!"

"Iko, mwanangu. Minye sikukatala. Nakatala tu kama bwana yangu iko mule."

Basi likasimama mbele ya kanisa. Wanaume waliookolewa walikuwa wakimngoja mlangoni, wakaanza kuimba, mmoja wao vibaya kabisa. Mama akashuka akicheza.

Dada akachungulia dirishani. "Mama! Jina ya bwana yako nani?"

"Benoît! Unauliza juu ya nini?"

"Minye siombeake bantu benye kufa. Niko nauliza tu."

Kisha akafumba macho.