Mwalimu Mbithe Ndunda na Benchi la Kyeni, 1965–2025

Mbithe alizaliwa Kithyoko tarehe 14 Aprili 1965, mtoto wa pili wa Mzee Ngui na Mama Munyiva. Ulikuwa mwaka wa ukame. Mama yake alizoea kusema kwamba mwaka huo Mto Tana ulikuwa karibu na chakula kilikuwa mbali, na kwamba mtoto aliyenyonya katika njaa ile hangeshindwa na jambo lolote dogo.

Alisoma shule ya msingi hapo Kithyoko, na mwaka 1982 akawa msichana wa kwanza wa ukoo wake kumaliza kidato cha nne. Januari 1984 alijiunga na chuo cha walimu kilichosomesha wanaume na wanawake. Septemba 1985, miezi michache kabla ya mtihani wa mwisho, alikuwa mjamzito. Mkuu wa chuo aliwaita wawili ofisini, Mbithe na kijana Ndunda aliyesoma naye darasa moja. Mbithe aliambiwa achukue sanduku lake. Ndunda aliambiwa arudi darasani, mtihani ulikuwa karibu.

Familia imekubali jambo hili lisomwe mbele yenu leo, na Mwalimu Ndunda amekubali. Marehemu mwenyewe alisema likifichwa, maisha yake hayatakuwa na kichwa wala miguu.

Mwelu alizaliwa tarehe 3 Februari 1986. Mwaka huo huo Ndunda alihitimu, na Mbithe alikuwa akiuza maembe sokoni Matuu, mtoto mgongoni. Ndunda alipotuma wazee kwa Mzee Ngui kuzungumzia ntheo, wale mbuzi ambao bila wao Mkamba hajaoa, mzee aliwakaribisha, akawapa uji, kisha akawarudisha.

"Mwambieni mbuzi wake ni wazuri," alisema. "Lakini hawaingii boma hili mpaka msichana amalize alichoanza. Yeye si amemaliza?"

Vyuo vitatu vilimkataa Mbithe kwa sababu ya mtoto. Januari 1988 alipanda kilima cha Mumbuni hadi Chuo cha Wanawake cha Kyeni, akiwa amejiandaa kujibu maswali mengi. Mkuu wa wakati huo, Bi Ngina, alimuuliza moja tu.

"Huyu bado ananyonya?"

"Ananyonya kidogo, mwalimu."

"Basi mtalala chumba cha karibu na jikoni. Kuna joto."

Kyeni ilikuwa na sheria kwamba mwanamume yeyote asiyeitwa husubiri nje ya lango, kwenye benchi la mbao lililo chini ya paa la kibanda cha askari. Kila Jumamosi kwa miaka miwili Ndunda alikaa hapo na unga wa mtoto mapajani. Mbithe alimaliza Novemba 1989. Mbuzi waliingia bomani tarehe 16 Desemba, na ndoa ikafungwa kanisani tarehe 21 Aprili 1990. Musembi alizaliwa mwaka uliofuata.

Baada ya kufundisha shule za Yatta, Mwalimu Mbithe alirudi Kyeni mwaka 1996 akiwa mkufunzi, na mwaka 2009 akawa mkuu wa chuo. Kila jioni Ndunda alikuja kumchukua, na kila jioni alikaa kwenye benchi lile lile. Muli, askari wa lango, hakumhurumia.

"Mwalimu Ndunda, mke wako ndiye mkuu, na bado hujapewa visa?"

"Mimi nilimaliza zamani, Muli. Acha wengine wamalize."

Mwaka 2016 alitumwa kutembelea vyuo vya wanawake India, Korea na Marekani. Alirudi na daftari moja. Huko India aliona foleni ya wasichana iliyozunguka ukuta tangu alfajiri. Huko Korea wanafunzi walikuwa wamekalia ngazi za ukumbi, wakikataa chuo chao kifunguliwe kwa wavulana. Huko Marekani alionyeshwa chuo kilichowaingiza wanaume ili kijiokoe, na miaka sita baadaye kikafungwa hata hivyo. Kila mahali aliuliza swali moja: "Akija leo mama mwenye mtoto, atalala wapi?" Hata katika vyuo vya wanawake pekee, kuna alikokosa jibu, na hilo pia aliliandika.

Kyeni nayo ilikuwa ikipungua. Wanafunzi 480 walibaki 211, hata ukihesabu waliotarajiwa kuingia Juni. Januari mwaka huu Baraza la chuo lilipendekeza wanaume waingie kuanzia Septemba. Mwezi huo huo Mwalimu Mbithe aligunduliwa ana saratani ya ini. Akawa na mambo mawili yanayomkimbiza, na watu walisikia uchungu kwa kuwa hakuwa akizungumzia lile la ugonjwa.

Mzee Isse, mfanyabiashara wa mifugo wa mjini Machakos, alimtembelea hospitalini mwezi Machi. Binti yake Qaali yuko mwaka wa pili.

"Mwalimu, nakuambia kweli, sitaki kukudanganya ukiwa mgonjwa. Wavulana wakiingia, Qaali anarudi nyumbani. Ndugu zangu walikubali Kyeni, hawakukubali chuo chochote tu."

"Na Qaali mwenyewe anasemaje?"

"Anasema ataniombea dua mbaya."

Mwenyekiti wa Baraza, Mzee Muindi, ambaye tuko naye hapa, alikuja mwishoni mwa Mei.

"Mama Mwelu, hesabu haidanganyi. Madarasa ni matupu."

"Sijasema inadanganya, Mwenyekiti. Nasema wewe hujawahi kukaa kwenye benchi."

"Mimi? Mimi huingia na gari!"

"Ndiyo maana. Kaa siku moja, usiseme wewe ni nani. Halafu upige kura unavyotaka."

Jumatatu tarehe 2 Juni, siku ya kupokea wanafunzi wapya, Mzee Muindi alikaa. Muli, aliyemtambua vizuri sana, alimwambia, "Mzee, sogea, acha wengine wakae. Hapa hata askofu husogea." Alikaa kati ya baba waliotoka Masinga na baba waliotoka mjini, akisikiliza wanavyoulizana ni kwa nini wamewaleta mabinti hapa na si kwingine. Saa sita mchana alifika msichana peke yake, mtoto mgongoni, sanduku kichwani, jina lake halimo kwenye orodha, akauliza kama hapa ndipo. Muli alimfungulia lango bila kuuliza neno.

Jioni mwenyekiti alirudi hospitalini, akaketi.

"Enhe?" Mwalimu Mbithe alimuuliza.

"Benchi lako linaumiza mgongo."

Mwalimu Mbithe alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia. Hakuambiwa zaidi, na hakuuliza. Aliaga dunia Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, Mwalimu Ndunda, watoto, Mwelu na Musembi, wajukuu watano, na ndugu wanne. Mlioshika programu mtaona mstari mtupu baada ya majina hayo. Si kosa la mchapishaji. Alimwagiza Mwelu: "Usiandike Kyeni kati ya niliowaacha mpaka ujue kama iko hai." Programu ilichapishwa Alhamisi. Baraza lilikutana jana Ijumaa. Kura tatu zilitaka wanaume waingie, tatu zilikataa. Mzee Muindi alisimama, akashika mgongo wake, akapiga ya saba.

Tafadhali chukueni kalamu mjaze mstari huo hivi: na Chuo cha Wanawake cha Kyeni, wanafunzi 212, kilichopewa miaka mitatu ya kujaribu tena.

Pumzika kwa amani, Mwalimu. Mumeo anasubiri nje, kama kawaida yake.